Nyumba Hii ni ya Nani? Mwongozo kwa Mpekuzi wa Mji Mkongwe

Kaa barazani Kiponda au Shangani, uulize nyumba iliyo mbele yako ilijengwa na nani. Jibu litakufikia kabla hujamaliza swali: ya Sultani. Ikiwa si ya Sultani, ni ya binti yake. Na binti asipotosha, ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Pokea jibu kwa heshima, maliza kahawa yako, kisha anza kazi.

Tazama mlango kwanza. Ukiwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, mtindo wake ni wa Kiarabu. Ukiwa na upinde uliojaa nakshi za majani, ni wa Kihindi. Usikimbilie kuandika kabila la mwenye nyumba, maana matajiri wa mji huu waliigana sana. Sogea karibu, usome maandishi ya juu. Mara nyingi ni aya ya Kurani, na pembeni au chini yake huchongwa mwaka wa Hijria. Ukiona 1300, ugawe kwa 33, utoe jibu kwenye mwaka wenyewe, kisha ujumlishe 622: utapata 1883. Huo ni mwaka wa mlango, si lazima uwe wa nyumba. Milango ya Unguja imeuzwa na kuhamishwa miaka mingi, kwa hiyo kagua kama fremu imekaa ukutani pake au imelazimishwa.

Halafu piga hodi, na hapa ndipo wapekuzi wengi wanapoharibu. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, na wenyewe wakatawanyika hadi Oman na Uingereza. Anayekufungulia leo huenda ni mpangaji wa serikali au wa wakfu. Mgeni mwenye daftari anayeuliza "mwenye nyumba ni nani?" anamtia hofu ya kufukuzwa, na hofu hiyo ina sababu. Jitambulishe, useme wazi kwamba hudai kitu. Mwamkie bibi shikamoo, kisha umuulize: "Ulipokuwa mdogo, humu walikuwa wakikaa nani?" Hapo atakupa majina, ndoa, ugomvi wa ukuta na aliyehamia chumba cha juu. Andika yote, hata lile linalopingana na la jirani.

Sasa nenda kwenye karatasi. Ofisi ya Nyaraka za Taifa iko Kilimani, na huko kuna hati za Kiarabu na za Kiingereza. Kama huzisomi za Kiarabu, mtafute anayezisoma, usikisie. Pita pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa kuwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, na hati ya wakfu humtaja aliyeuweka na waliokusudiwa kufaidika.

Hati ya nyumba yako ikikosekana, tafuta ya jirani. Hati za zamani zilieleza mipaka kwa majina ya watu: upande wa kibla (kaskazini) nyumba ya fulani, upande wa suheli (kusini) nyumba ya fulani, na hivyo hivyo matlai (mashariki) na magharibi. Mtu aliyepotea kwenye karatasi zake mwenyewe anaweza kuonekana mzima kwenye mpaka wa mwenziwe. Mimi naona hakuna njia nzuri kuliko hii, maana inakurudishia mtaa mzima.

Na ukilipata jina, usilishangilie mapema. Chukua Zahanati ya Zamani pale Malindi, inayotazama bandari. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 kwa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, akikusudia iwe hospitali. Alifariki 1891 na jengo bado halijaisha, likakamilika 1894. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, na chini yake pakawa na zahanati, nayo ndiyo iliyoliachia jengo jina. Mjenzi na mnunuzi ni watu wawili, na jina la mtaani halikumfuata aliyejenga. Tena waliochonga roshani zake na kubeba mawe ya matumbawe wana haki ya kutafutwa pia, hata kama hati haikuwataja.

Fanya haraka. Mnamo 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilianguka mchana kweupe. Ikiwa jengo maarufu kuliko yote limefikwa na hilo, fikiria nyumba ya uchochoroni isiyo na jina.

Kwa hiyo, wewe uliye Unguja, Maskati au London: ile hati ya babu iliyomo kasikini, itoe, upige picha kila ukurasa, upeleke nakala Kilimani kabla mchwa hawajaimaliza.