Seva Iliyodhani Bado Tuko Rukwa

Paswedi ikishabandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa selotepu, hiyo ni tangazo. Katika chama kimoja cha wakulima wa tumbaku hapa Mpanda hata mama wa chai aliijua, na ndiye aliyemkumbusha mhasibu kila alipoisahau.

Nilipoitwa kuitengeneza kanzidata yao nikashauri wafunge kufuli mbili. Programu ya PostgreSQL inaruhusu. Kwenye faili la pg_hba.conf unaandika mstari wa hostssl unaoishia na scram-sha-256 clientcert=verify-full, na tangu hapo seva inadai paswedi pamoja na cheti cha kidijitali chenye jina lile lile la mtumiaji. Tena faili hilo husomwa kuanzia juu. Mstari wa kwanza unaokuhusu ndio hukumu, ukishindwa hapo huendi wa pili. Mwenyekiti, mzoefu wa kukata rufaa, hakupendezwa.

"Mwanangu," akauliza mama mhasibu, "nikisahau paswedi, cheti kitaniokoa?"

"Hapana, mama."

"Na cheti kikipotea, paswedi itanisaidia?"

"Haitasaidia."

"Basi umenifungia nje mara mbili."

Tukajaribu, ikakubali. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, seva ikamkataa kila mtu: vyeti vyenu havijaanza kutumika! Vyeti vyenyewe vilikuwa vya wiki ile ile.

Kumbe betri ya saa ndani ya seva ilikuwa imekufa zamani. Umeme ulipokatika, mashine iliamka ikidhani ni Januari 1, 2010, na cheti cha kesho hakipokelewi leo. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa 2012, kwa hiyo kwa hesabu za seva hiyo sisi bado tulikuwa Rukwa, tunasubiri barua kutoka Sumbawanga. Mkulima mmoja akauliza kwa matumaini kama deni lake la mbolea nalo limefutika. Seva ingeweza kuuliza saa kwenye intaneti, lakini ilinyimwa intaneti makusudi, kwa usalama.

Betri inayotakiwa ni CR2032, bapa kama kifungo cha koti. Nilinunua kwa fundi saa sokoni, saa ikarekebishwa, vyeti vikapita. Mama mhasibu anataka risiti ya EFD, fundi saa hana mashine, na mpaka leo fedha ya betri imeandikwa kwa jina langu kama masurufu yasiyorejeshwa.