Bango la Shangazi

Kompyuta ya kijana wa mabango pale Buyenzi ilikuwa na aibu: mbele ya wageni haikuganda hata siku moja. Ukimleta mtu aitazame, kadi za majina zinapita, mialiko ya nikahi inapita, muziki unalia taratibu. Mgeni akishavuka kizingiti tu, mshale unasimama katikati ya skrini, saa ya pembeni inagoma kusonga, na mwimbaji anang'ang'ania silabi moja mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Majirani wenyewe hawakukosa majibu. Buyenzi ni mtaa wa zamani wa Waswahili wa Bujumbura, wenye barabara zinazoitwa kwa namba na gereji kila upande, na mtu hapiti penye kitu kilichoharibika bila kutoa maoni. Huyu alisema umeme. Yule alisema joto la ziwani. Mama wa maandazi alisema jicho la watu, akashauri ubani. Mwanafunzi mmoja wa chuo akawacheka wote, akasema tatizo ni Linux na kadi za picha za NVIDIA. Hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliinyooshea kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2012. Habari ya kidole ni kweli kabisa. Ila kompyuta ile haikuwa na kadi ya NVIDIA. Picha zake zote zilishughulikiwa na chipu ya Intel iliyomo ndani ya prosesa.

Kijana akafanya yote kwa pamoja: akapuliza vumbi, akabadilisha dawa ya kupoza prosesa, akapandisha toleo la kerneli, akahamisha meza. Ubani nao ulifukizwa, maana haugharimu kitu. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kutojua kamwe ni kipi kilichosaidia, lakini hapa haikuleta hasara, kwani hakuna kilichosaidia.

Aliyeleta nuru ni fundi wa gereji ya jirani, ambaye hana kompyuta na wala haitaki. Alikuwa amekuja kuomba chaji ya simu.

“Inazima ikiwa tupu au ikiwa na mzigo?”

“Inazima ikitaka.”

“Hakuna gari linalozima likitaka, mwanangu. Jana lilikuwa limebeba nini?”

Jana ilikuwa imebeba bango la harusi. Wiki iliyopita, bango la harusi. Kabla ya hapo, bango la mkutano wa hadhara. Kadi na mialiko haikuwahi kuigandisha. Na wageni waliokuja kuikagua walionyeshwa kadi siku zote, kwa sababu hakuna anayemfungulia mgeni kazi ya mteja.

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyeagiza bango lile: mita tatu kwa mbili, “na uso wa mtoto wetu uonekane vizuri.” Kijana alifundishwa kwamba kazi ya kuchapwa huandaliwa kwa nukta 300 kwa inchi, naye ni mtu wa kufuata sheria. Basi hesabu ni hii: mita tatu ni nukta 35,433, mita mbili ni 23,622; zidisha, unapata pikseli milioni 837. Kila pikseli ikichukua baiti nne, tabaka moja tu ndani ya GIMP, programu yake ya kuhariri picha, linakula zaidi ya gigabaiti 3.3. Kompyuta nzima ilikuwa na RAM ya gigabaiti nane. Weka uso wa bibi harusi, weka maua nyuma yake, kisha jaribu kurudisha hatua moja, ambayo nayo GIMP huitunzia nafasi.

RAM ikijaa, Linux huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, sehemu iitwayo swapu. Kichwa cha diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde kumi kufika penye data. RAM hujibu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kompyuta haikuwa imekufa. Ilikuwa inahamisha vyombo usiku kucha, na taa ya diski ilikuwa ikiwaka muda wote bila mtu kuitazama.

Ushahidi ulikuwepo. Amri ya journalctl -b -1, inayosoma kumbukumbu za mfumo kabla ya kuwashwa upya, haikuonyesha malalamiko yoyote ya chipu ya picha. Amri ya free -h, ikirudiwa kila sekunde bango linapofunguliwa, ilionyesha swapu ikipanda mpaka dirisha lenyewe likaganda.

Kilichobaki ni fedheha. Picha ya bibi harusi ilifika kwa WhatsApp, imebanwa, haifiki pikseli milioni mbili. Kijana alikuwa ameinyoosha zaidi ya mara mia nne, kompyuta ikihenyeka kubeba usahihi ambao haukuwemo.

Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linatosheka na nukta 100 kwa inchi. Hapo tabaka linashuka hadi megabaiti 370 hivi, na muziki haukatiki. Shangazi alilipokea, akasimama chini yake, akasema uso umetoka vizuri sana.

Fundi naye anataka kibao cha gereji, mita sita, chenye injini ya Toyota inayoonekana mpaka skrubu. Amejibiwa kwamba mita sita atapata, na malipo atapunguziwa kwa ushauri wake, lakini skrubu asahau.