Stesheni Ipo, Kijiji Hakipo

Wafaransa wana treni inayokimbia kilomita 320 kwa saa, na mimi nina ugomvi nao wa kilomita nne.

Kilomita nne hizo ndizo zinazotenganisha stesheni ya Rocamadour na Rocamadour yenyewe. Kijiji hicho kimegandama kwenye jabali kusini-magharibi mwa Ufaransa, na tangu Enzi za Kati mahujaji wamekuwa wakikwea ngazi zake, zote 216, wengine kwa magoti. Picha zake ni za kutia tamaa. Stesheni haimo pichani. Unashuka, treni inajiondokea, unabaki na malisho, ukimya na kibao chenye jina la kijiji usichokiona. Kondoo wa kule wana weusi kuzunguka macho kama waliovaa miwani, na wanakutazama kisomi hasa. Nikatafuta bodaboda. Usinicheke: mtu wa kwetu akishuka popote hutafuta bodaboda kabla hajatafuta choo. Hapakuwa na bodaboda, wala mtu wa kumuuliza.

Binamu yangu anayeishi Lyon alishaniambia, "Kaka, ukienda mashambani kodi gari." Leseni sina, na kwa umri huu sitaanza kugonga ng'ombe wa watu. Tena ni yeye huyohuyo anayenichosha kila siku kwa kusifia usafiri wa umma wa Ufaransa. Yeye asifie tu, ana metro mlangoni. Huku vijijini usafiri wa umma ni mali ya wanafunzi.

Wala sitii chumvi. Basi la kijijini hupeleka watoto shule asubuhi, likawarudisha jioni, basi. Wewe mgeni ukipata kiti umebahatika. Ratiba yake imejaa alama ndogondogo zinazotaka miwani ya wale kondoo: hili ni la siku za shule tu, hili ni la Jumatano adhuhuri, maana Jumatano watoto wengi hutoka mapema, hili likizoni halipo. Likizo zenyewe, za majira ya baridi na za masika, zimegawanywa kwa kanda tatu, A, B na C. Kwa hiyo kabla hujaenda kutazama kanisa la karne ya 12, inakubidi ujue kwanza watoto wa eneo lile wako darasani au wako kwenye theluji. Jumapili na sikukuu usiulize. Na ukitaka kujua sikukuu ni nini, tembea Ufaransa mwezi wa Mei.

Kuna pia basi la kuagiza kwa simu. Nikapiga. Dada mmoja akanijibu kwa adabu iliyotukuka kwamba basi la leo huagizwa jana. Jana mimi nilikuwa sijakwama bado.

Nikajaribu taksi. Kijijini kuna taksi, ila nyingi zinaishi kwa kupeleka wagonjwa hospitali, na bima ya afya ndiyo inayolipa. Dereva niliyempata aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akanitakia siku njema.

Nikatembea. Njiani nikapitwa na kijigari kinachonguruma mithili ya cherehani, ndani yake kijana mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Sheria yao inamruhusu mtoto wa miaka 14 kuendesha vijigari vile, mwendo usizidi kilomita 45 kwa saa. Hata mtoto wa shule, mwenye basi lake, ana na gari!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba reli zilikuwepo. Mwaka 1879 waziri Charles de Freycinet alikuja na mpango wa kufikisha treni hadi kila makao makuu ya wilaya. Zikajengwa, kisha nyingi zikafungwa, na baadhi leo ni njia za baiskeli. Halafu wenyewe, mwaka 1994, wakafungua stesheni ya treni ya kasi kule Haute-Picardie katikati ya mashamba ya viazisukari, mbali na Amiens, mbali na Saint-Quentin, hata wananchi wakaibatiza stesheni ya viazisukari. Wanaijenga wapi? Mahali ambapo bila gari ni taabu kufika.

Mwaka 2018 watu wa vijijini walipovaa vizibao vya njano na kuziba barabara kwa sababu ya kodi ya mafuta, wapo waliowaona wakorofi. Waliosema hivyo hawajawahi kusubiri basi la Jumatano.

Wewe ukiamua kwenda, nenda Jumanne ya muhula wa shule, piga simu Jumatatu, na ubebe chakula chako, maana kati ya saa sita na saa nane mchana duka la kijiji huwa limefungwa.