Wadai wa Bustani

Vitabu vya kilimo vinasema bustani hufungwa na mwenyewe. Unavuna kilichobaki, unang'oa mabua, unamwaga samadi, unaegesha jembe ukutani mpaka mvua zirudi. Walioandika vitabu hivyo bila shaka hawana shemeji Dar es Salaam wala mama mkwe Makambako.

Njombe bustani haifungwi, inafilisiwa. Mvua zikishaaga mwezi wa tano, wadai wanaanza kujitokeza: baridi, kuku wa jirani, watoto waliofunga shule, ndugu wa mbali aliyekumbuka ghafla kwamba tuna undugu. Mwenye bustani anabaki kusimama katikati ya matuta akitazama mali inavyogawanywa.

Mdai wa kwanza ni baridi, naye hajawahi kupiga hodi. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kipupwe hakitanii. Mtu wa Tanga akisikia kipupwe anawaza kaupepo ka jioni na kahawa barazani. Hapa mtaani kwetu Mjimwema kipupwe ni sweta chini ya koti, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na shuka juu ya hayo yote. Unaweza kumwamkia mtu "Kamwene" wiki nzima ukidhani ni fundi cherehani, kumbe ni mjumbe anayekutafuta kwa mchango wa ulinzi.

Mwaka huu baridi ilitukuta na shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyepanda kutoka Dar na ndala miguuni na mashangazi kaja mawili matupu begani. Mfuko mtupu wa mgeni una maana yake, na kwetu maana hiyo ni viazi.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba Njombe ingeshuka hadi nyuzi joto nne. Mke wangu akasimama, akaanza kutafuta magunia ya kufunikia nyanya. Shemeji akacheka.

"Dada, maji yanaganda kwenye sifuri. Nne si sifuri. Hiyo ni fizikia ya sekondari."

Fizikia ya sekondari anaijua vizuri, ila kipimajoto cha watu wa hali ya hewa hakilali chini na maboga. Kinakaa ndani ya kisanduku, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Usiku ukiwa mkavu, hauna wingu wala upepo, udongo unazirushia mbingu joto lake lote. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inateremka na kutulia pale pale chini. Kipimajoto kinasoma nne, jani la boga limeshafika sifuri. Ndiyo maana wazee wa huku hawaogopi usiku wa ukungu, wanaogopa usiku wenye nyota nyingi. Nilimweleza hayo yote shemeji. Akatoka mlangoni, akatazama juu, akasema nyota za Njombe ni nzuri sana, kisha akarudi ndani mbio.

Tukafunika. Magunia yalipokwisha tukatumia nyasi kavu, nyasi zilipokwisha tukatoa mashuka, na juu ya tuta la nyanya mke wangu akatandaza blanketi la zamani la kijivu, lile la wageni wasiotarajiwa. Sukuma wiki haikuhitaji kitu, maana yenyewe baridi inaimudu, isitoshe ilikuwa imezungushiwa chandarua. Hapo naomba nieleweke. Serikali inatoa vyandarua kwa ajili ya mbu, na sitetei matumizi mengine. Nasema tu kwamba mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwamba mbu anayekubali kutoka nje Njombe mwezi wa sita ana matatizo yake binafsi, na kwamba kuku wa jirani hawasomi maandishi ya kwenye pakiti.

Asubuhi blanketi halikuwepo.

Mke wangu alifikiri ni wezi. Mimi nilifikiri ni mbwa. Tulipokwenda kumwamsha shemeji ili atusaidie kutafuta, tukamkuta amejikunja chini ya mablanketi yake mawili, na juu ya hayo mawili la tatu, la kijivu, likiwa na udongo, majani matatu ya nyanya na kiwavi aliyekuwa amelala vizuri kuliko sisi sote. "Nilitoka kujisaidia," akasema, "nikaona mmeanika mkasahau kuanua."

Nje, ncha za nyasi zilikuwa na weupe unaokwaruza chini ya kiatu. Maboga tuliyoyaona hayana thamani ya shuka yalikuwa bado yamesimama, majani ya kijani, yamekakamaa, ungeapa yamepona. Huo ndio ujanja wa sakitu. Jua lilipoyafikia yakaanza kutoa maji, yakalegea kuanzia pembeni, na kufikia saa nne yalikuwa meusi, yananing'inia kwenye vikonyo. Mashina ya nyanya yakawa yanapitisha mwanga, ukiyabinya yanachuruzika. Nyanya zenyewe, mbichi, ngumu, za kijani, zikabaki zimening'inia bila mzazi.

Sitaki kuonekana ninalalamika tu. Baridi inachukua chake lakini inaacha riba. Karoti na kabichi zikihisi baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari ili maji yaliyomo yasigande upesi, na ndiyo sababu karoti ya Njombe ya mwezi wa saba mtoto anaitafuna bila kulazimishwa. Kitunguu saumu nacho hakijali. Nyanya, maharage na maboga ndivyo vinavyokufa kwanza, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyopendwa na wageni.

Zile nyanya za kijani tukaziokoa kwa njia inayojulikana: unazipanga kwenye boksi, unaweka ndizi mbivu katikati, unafunika. Ndizi ikiiva inatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaziamsha nyanya nazo ziive. Njia hii haina kasoro yoyote isipokuwa kwenye nyumba yenye watoto waliofunga shule. Siku ya pili tulifunua boksi tukakuta nyanya zimeyazunguka kwa heshima maganda matatu. Nilipouliza ni nani, mdogo wao akajibu kwamba ndizi zilikuwa zinaharibika.

Mdai aliyepangiwa siku maalumu alikuwa shemeji, na siku hiyo ilikuwa siku ya kuchimba viazi. Alichimba kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kisha akapakia. Wakala wa Vipimo wamehangaika miaka mingi na lumbesa, sheria ikitaka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na maafisa wao husimama barabarani kukagua magari. Lakini hakuna afisa aliyewahi kukagua shangazi kaja la ndugu. Shemeji alijaza mpaka zipu ikakataa, akaachana na zipu, akasuka kamba juu, akaongeza nundu, akashindilia kwa goti, akaongeza nyingine. Nilimshauri avihifadhi gizani, maana kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kuwa na sumu. Akaniambia nisijali, havitafika jioni ya pili.

Basi la Dar angelipandia Makambako, kilomita kama 60 kutoka kwetu, na kwa kuwa mama mkwe anaishi huko huko, ikaamuliwa nimsindikize na wakati huo huo nimpelekee mama kabichi. Naandika "ikaamuliwa" kwa sababu sijui hadi leo ni nani aliyeamua. Nilijaza kiroba, tukapanda kosta. Utingo akatazama mizigo ya shemeji, akauliza kama tunahama.

Makambako kila kitu kinakutana. Barabara ya Songea inayopita Njombe inaikuta barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina miaka ya 1970 inafika hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki. Mzigo wa Nyanda za Juu Kusini, ukitaka usitake, utashushwa au utapandishwa Makambako. Na upepo nao unakutana hapo. Ukiteremka kwenye gari unashika kofia kwanza, salamu baadaye.

Mimi nilishika kofia. Kiroba alikishika utingo, kwa upande mmoja, na upande ule mwingine ukaachia. Kabichi zikashuka zenyewe, zikabiringika kwenye mteremko wa stendi kwa mwendo wa watu wenye haraka ya kuunganisha basi, na zikaenda kusimama kwenye fungu la kabichi la mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa amezipanga vizuri juu ya turubai.

"Mama, samahani, hizo zangu."

"Zipi, baba?"

Swali lilikuwa la haki. Kabichi ni kabichi. Watu wakajaa. Mpiga debe mmoja, aliyekuwa anaita abiria wa Mbeya, akaacha kazi yake na kujipa ujaji. Akaninyooshea kidole: "Mzee, zako zina alama gani?"

Nikatazama fungu. Za yule mama zilikuwa safi, zimepigwa dawa kwa wakati, zinang'aa. Zangu hazikuwahi kuona dawa, na viwavi walikuwa wameishi humo tangu mwezi wa nne.

"Zina matundu," nikasema.

Kicheko kilipita stendi nzima hadi kwa mama lishe wa upande wa pili. Mchuuzi hakucheka. Aliinama na kuanza kuchambua mwenyewe kwa uaminifu wa kutisha. "Hii yako. Na hii. Na hii hapa." Alipomaliza zile zilizobiringika akaingia kwenye fungu lake mwenyewe, akaenda hadi chini kabisa, kwenye zile za juzi. "Baba, na hii umeisahau. Na hii ina tundu pia, tusidhulumiane." Jaji akathibitisha kila moja. Niliondoka na kabichi nyingi kuliko nilizokuja nazo, na hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Nilipogeuka kumtafuta shemeji anisaidie kubeba, basi lilikuwa linaondoka, naye yuko dirishani ananunua njegere.

Mama mkwe alinipokea uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Umetuletea nini?"

Akatoa kabichi ya kwanza, akaigeuza, akaipima kwa kiganja, kisha akaingiza kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

"Na huyu aliyeanza kula," akauliza, "ameshiba?"

Ndipo nikakumbuka kwamba nimepeleka mboga kwa mtu wa vinyungu. Wakati sisi wa vilimani tunalia na matuta makavu, Wabena na Wahehe wanaoujua ukulima wao huteremka bondeni kiangazi kikianza. Huinua matuta penye udongo wa majimaji na kula mboga mbichi mpaka mvua mpya. Tangu Sheria ya Mazingira ya 2004 iweke mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, mama mkwe amepandisha matuta yake juu. Anazihesabu mita hizo kwa hatua, naye ni mfupi. Bondeni baridi hukaa zaidi, hilo analijua kabla sijamweleza, ndiyo maana alichagua upande unaopigwa na jua mapema. Figiri yake ilikuwa inafika magotini.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Kiroba changu kikashonwa kwa uzi wa katani, kikajazwa figiri, njegere na maboga ambayo hayakuwahi kusikia habari za sakitu, na juu yake akawekwa jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nilijaribu kukataa jogoo. Mama akaniuliza kama binti yake anakula majani tu huko Njombe. Jogoo akasafiri chini ya kiti changu, akiwika kila kosta ilipopunguza mwendo, na abiria wakinitazama mimi.

Tulifika giza limeingia. Watoto waliambiwa wamfungie mahali ambapo hatachanganyika na kuku wa jirani. Nyumba nzima ilikuwa na sehemu moja tu ambayo kuku wa jirani hawajawahi kuingia, na watoto wetu wana akili: wakamfungua miguu, wakamwingiza ndani ya chandarua, wakakifunga vizuri kwa nje. Asubuhi jogoo alikuwa mzima wa afya. Sukuma wiki ilikuwa vikonyo.

Jumapili tukamla. Baada ya siku chache mama mkwe akapiga simu kumjulia hali, na mke wangu, ambaye hajawahi kumficha mama yake kitu, akamwambia.

"Mlimla na mboga gani?"

"Kabichi, mama. Tulinunua sokoni."

"Vizuri. Mwambie mumeo zile zake nimempa nguruwe." Akasubiri kidogo. "Na nguruwe alichagua."