Mwongozo wa Bwana M3 Mbele ya Theluji

Bwana M3 tunamjua. Yuko München, yuko Göteborg, yuko Edmonton, yuko kila mji wa baridi ambako kijana wa kwetu alifika, akasota, akapata kazi, akawajengea wazazi, kisha akajinunulia gari alilolitamani tangu shule ya msingi. Gari lenyewe ni BMW M3 ya kizazi cha F80, iliyotoka kiwandani kati ya 2014 na 2018, nguvu ya farasi 431, zote zikipelekwa magurudumu ya nyuma. Mwezi wa saba hashikiki. Mwezi wa kumi na mbili utamwona kwenye mteremko wa kutokea maegesho ya supamaketi: magurudumu ya nyuma yanazunguka palepale, theluji inaruka, na nyuma yake bibi mmoja mzee ndani ya Fiat Panda anasubiri kwa adabu. Bibi akichoka anazunguka, anampita, anapanda mteremko na mkate wake, anakwenda zake. Panda ya bibi ina matairi ya baridi. M3 ya Bwana ina matairi ya kiangazi na rimu za inchi 20 zilizong'arishwa.

Tutamcheka Bwana M3 kidogo, kisha tutamsaidia kwa moyo wote, kwa sababu gari lake ni zuri kweli, na watoto wanaovuka barabara mbele yake wana haki ya kufika shule.

Bwana M3, keti. Nguvu zote ulizolipia, na breki zote, hupita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu kiganja. Mpira wa tairi la kiangazi la kasi umetengenezwa ufanye kazi ukiwa na joto. Watu wa Ulaya huhesabu kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, tairi hilo linaanza kupoteza mshiko hata kwenye lami kavu isiyo na punje moja ya theluji. Likishuka zaidi, mpira unakuwa mgumu kama soli ya kiatu kikuukuu. Watengenezaji wa matairi ya kasi kubwa huonya wazi kwamba yasiendeshwe kwenye baridi ya kugandisha, maana kashata zake zinaweza kupasuka. Pasuko hilo halina dawa, tairi hutupwa. Kwa hiyo unaposema unasubiri theluji ianguke ndipo ubadilishe, umeshachelewa kwa wiki kadhaa.

Tairi la baridi lina mchanganyiko mwingine, wenye silika na mpira wa asili kwa wingi, unaobaki laini penye baridi kali. Kila kashata imechanjwa mipasuo myembamba mingi inayofunguka na kuuma inapogusa barabara. Mifereji yake mipana inabeba theluji, na theluji iliyoshindiliwa humo inaishika theluji ya barabarani vizuri kuliko mpira mtupu. Ndiyo maana tairi la baridi lililojaa theluji kwenye mifereji linafanya kazi yake sawasawa, na huna haja ya kushuka kulipangusa.

Sasa nazijua hoja zako, kwa kuwa kila Bwana M3 anazo zilezile. Ya kwanza: "Mimi dereva mzuri." Huenda. Ila hata dereva bora duniani anagawana nawe mshiko uleule wa tairi. Ya pili: "Gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza." Mfumo huo unagawa mshiko uliopo, hauongezi hata chembe; taa ya manjano inayomwekamweka kwenye dashibodi inakuambia kuwa kompyuta nayo imeishiwa. Ya tatu ni ya rafiki yako mwenye Audi ya magurudumu manne: "Yangu inavuta kote." Kweli, na ataondoka kwenye taa kwa urahisi kabisa, na hapo ndipo hatari inapomkuta, kwa sababu kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, lake na lako na la bibi. Hesabu yenyewe ni fupi. Mshiko ukipungua nusu, umbali wa breki unakuwa maradufu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unakuwa mara nne. Viweke viwili hivyo pamoja kwenye mtaa wa makazi saa moja asubuhi, halafu uniambie tena kuhusu udereva wako.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana sheria ndiyo sehemu rahisi. Ujerumani haina tarehe maalumu. Inataka matairi ya baridi kila barabara inapokuwa na theluji, barafu au utelezi wa umande ulioganda, na faini inaanzia euro 60. Ukizuia wenzako, kama pale kwenye mteremko, ni euro 80 na pointi moja kwenye rekodi yako. Wenyeji hujikumbusha kwa msemo wa "O mpaka O", yaani Oktoba mpaka Ostern, ambayo ni Pasaka. Uswidi inataka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi, na kashata zisipungue milimita 3. Quebec haisubiri hali ya hewa: 1 Desemba hadi 15 Machi, gari liwe na matairi ya baridi, basi.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S peke yake hazikutoshi tena. Ujerumani ilifunga mlango huo tarehe 30 Septemba 2024. Lakini usiishie kwenye mlima ukadhani umemaliza. Alama ile inathibitisha mshiko kwenye theluji. Barafu ni habari nyingine, na ndiyo maana lebo ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2021 ina alama ya barafu peke yake.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza, na hapo ndipo Bwana M3 wengi wanapopotea, kwa sababu matairi ya baridi ni koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa Ulaya ya Kati: Michelin Pilot Alpin, Pirelli P Zero Winter na wenzao. Haya yametengenezwa kwa mtu wa München au Stuttgart ambaye siku nyingi za baridi anaendesha kwenye lami yenye maji na chumvi, mara chache kwenye theluji, na akiingia barabara kuu anakwenda kasi. Usukani unabaki mwepesi kuitika. Ukoo wa pili ni wa Kaskazini: Nokian Hakkapeliitta, Bridgestone Blizzak, Michelin X-Ice. Mpira wake ni laini zaidi, mipasuo ni mingi zaidi, na kwenye barafu unaupita ule wa kwanza kwa mbali. Kwenye lami kavu, ukoo huu utaifanya M3 iwe na uzito wa kufikiri kwenye kona.

Ukoo wa Kaskazini una nasaba. Kiwanda cha mji wa Nokia, Finland, ndicho kilichotoa tairi la kwanza la baridi duniani mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na mwaka 1936 kikatoa Hakkapeliitta ya kwanza, jina ambalo lipo sokoni hadi leo. Blizzak ilizaliwa Japani mwaka 1988, wakati miji ya kule ikilalamikia vumbi lililotokana na matairi ya misumari kukwangua lami. Wajapani wakahitaji tairi linaloshika barafu bila chuma. Stockholm nayo ilipiga marufuku matairi ya misumari katika mtaa wa Hornsgatan kuanzia 2010, kwa sababu ileile ya hewa. Ujerumani misumari hairuhusiwi, isipokuwa kipande kidogo karibu na mpaka wa Austria.

Hukumu yangu ni hii. Kama unaishi München na unalala nyumbani kwako kila siku, chukua ukoo wa kwanza. Kama uko Edmonton, au Umeå, au mahali popote ambapo barabara hubaki nyeupe kwa miezi, chukua wa Kaskazini na usiombe ushauri wa watu wa Stuttgart. Utaambiwa kwamba mengi ya Kaskazini yana herufi ya kasi R au T, yaani mwisho kilomita 170 au 190 kwa saa, ilhali M3 inafika 250. Ni kweli. Sheria ya Ujerumani inaruhusu herufi ya chini kwenye tairi la baridi mradi ubandike kibandiko cha kasi mahali dereva anapokiona. Kubali kibandiko. Hakuna barabara yenye barafu inayokudai zaidi ya 190.

Tumefika kwenye rimu, mahali panapouma. Bwana M3 alilipia rimu za inchi 20, akazipiga picha kutoka kila upande, na sasa anataka matairi ya baridi ya inchi 20 ili "muonekano usiharibike". Muonekano utaharibika vizuri zaidi ukingoni mwa barabara. Shuka mpaka inchi 18. F80 yenyewe ilitoka kiwandani na 255/40 R18 mbele na 275/40 R18 nyuma, kwa hiyo hubuni kitu. Piga hesabu mwenyewe uone: 255/40 R18 ina kipenyo cha milimita 661, na 255/35 R19 ina kipenyo hichohicho cha milimita 661. Gari linakaa urefu uleule, kipima mwendo hakidanganyi, ila ubavu wa mpira umeongezeka karibu milimita 13. Nyongeza hiyo ndiyo itakayoiokoa rimu siku utakapotumbukia kwenye shimo lililofunikwa na theluji, na mashimo ya mwezi wa pili Ulaya yanaweza kumfariji mtu wa Tandale. Bei ya tairi la inchi 18 nayo kwa kawaida iko chini.

Kuna kizuizi kimoja, na ukikisahau utalipia mara mbili. Kama M3 yako ina breki za kaboni na kauri, zile za kalipa za rangi ya dhahabu, rimu ya inchi 18 haiingii; hapo kaa kwenye 19. Ushauri wa kwenda chini una mwisho wake kwenye breki, siku zote. Upana nao usiuongeze. Tairi pana huelea juu ya theluji yenye maji. Jembamba kidogo hukata na kufika chini. Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi za gari.

Nunua seti kamili: matairi manne yakiwa kwenye rimu zake za baridi, na vihisi vya upepo ndani. Kubandua na kubandika matairi kwenye rimu zilezile kila msimu ni gharama na ni kuchosha mpira. Rimu za baridi ziwe za rangi ya kawaida, iliyofunikwa vizuri, maana chumvi ya barabarani haina huruma na kilichong'arishwa. Na niliposema manne, nilimaanisha manne. Yuko Bwana atakayejaribu kuweka mawili nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko nguvu zinakokwenda. Ataondoka vizuri, kisha kona ya kwanza ya kulia gari litaendelea moja kwa moja hadi kwenye ua wa watu.

Dukani, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni. 3524 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2024. Ukiambiwa tairi ni jipya na tarakimu zinasema lina miaka saba, rudisha pochi mfukoni. Ukinunua yaliyotumika, pima kashata: milimita 1.6 ni mwisho wa sheria ya Ujerumani, lakini kwenye theluji tairi la baridi lililo chini ya milimita 4 limekwisha kazi. Austria imeiandika 4 hiyo kwenye sheria yake.

Najua pia wazo linalokujia msimu ukiisha: "Nitayatuma nyumbani, mdogo wangu ayafunge kwenye Subaru." Nakuomba usifanye hivyo. Mpira uliochanganywa kwa ajili ya Umeå, ukiupeleka Dar es Salaam kwenye lami ya mchana, unapata joto kupita kiasi, unalika upesi, na gari linayumba likifunga breki. Tatizo hili lipo tayari nyumbani: magari mengine kutoka Japani hushuka bandari ya Mombasa na Dar yakiwa na matairi yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni, yale yale ya theluji, na mnunuzi anafurahi kuona kashata nene. Ukiyakuta kwenye gari la mama yako, mnunulie mengine kabla hujamnunulia kitu kingine chochote.

Yakishafungwa, endesha taratibu kwa kilomita mia chache za mwanzo ili ngozi ya kiwandani itoke. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza tena boliti kwa spana yenye kipimo. Upepo hupungua karibu bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za ubaridi unaoongezeka, basi pima asubuhi gari likiwa limelala nje.

Pasaka ikifika, vua. Miji ya Ujerumani ina hoteli za matairi, ghala ambazo kwa ada ya msimu huosha matairi yako na kuyatunza gizani mahali pakavu mpaka Oktoba. Ni huduma nzuri kwa anayeishi ghorofani. Pima tu kina cha kashata kabla hujakabidhi funguo. Yakiwa yamefika milimita 4, usiyalipie hoteli.