Sifa za Mshika Mkia

Darasa halina namba moja kama halina wa mwisho. Walimu wanalijua hilo, wazazi wanalijua, na huyo namba moja analijua kuliko wote, ila siku ya kufunga shule daftari na makofi anapewa yeye, huku aliyembeba mgongoni mwaka mzima akitafutiwa fimbo. Mshika mkia hana kinyongo, keshazoea. Mwondoeni muone: aliyekuwa anamtangulia atalala na nafuu yake, aamke kilaza. Mkia ule ameushika kwa niaba ya wenzake.

Sitazungumzia vilaza waliokuja kumiliki mabasi. Hiyo ni faraja ya wazazi. Mshika mkia wa kweli hahitaji utajiri ndipo asifiwe. Ukoo wake unamtosha.

Waingereza, ambao kwa matusi ya darasani hawajambo, humwita dunce, na jina hilo wamelitoa kwa John Duns Scotus, mtawa Mfransisko kutoka Scotland, aliyefundisha Oxford na Paris akafia Cologne mwaka 1308. Hoja zake zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui, hata wasomi wakampa cheo cha Doctor Subtilis. Karne mbili baadaye usomi ukabadilika. Wafuasi wake wakang'ang'ania vitabu vya mzee, na vijana wa mtindo mpya wakawacheka, mpaka jina la mwanafalsafa likawa jina la mbumbumbu.

Mwaka 1535 Thomas Cromwell, mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII, alituma wakaguzi Oxford. Mmoja wao, Richard Layton, alimwandikia bosi wake kwa furaha kwamba vitabu vya Duns sasa vimepigiliwa misumari vyooni, kila mwenye haja ajichanie. Uani kwa New College kurasa zilikuwa zimetapakaa, upepo unazipeleka huku na huku, na bwana mmoja wa Buckinghamshire anaziokota. Alitaka kutengeneza vitisho vya kuwazuia kulungu wasitoke msituni, mbwa wake wapate kuwinda vizuri. Sasa niambieni, ni kitabu gani cha hao wajanja kilichowahi kumfaa mwindaji, mbwa na mwenye tumbo la kuhara kwa wakati mmoja?

Baadaye shule za Waingereza zikaongeza kofia ya karatasi yenye ncha. Mtoto aliyeshindwa somo anavishwa, anasimamishwa kwenye kona. Adhabu iko wapi hapo? Haulizwi swali, hasumbuliwi na daftari, na macho ya darasa zima yako kwake. Mfalme naye huvishwa kitu kichwani watu wakakodoa, na tunaita sherehe.

Kenya ya mkoloni ilikuwa na binamu wa kofia hiyo, tena wa chuma. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kigĩkũyũ shuleni alivyoweza kuvishwa shingoni kibao cha kumtangaza mjinga au punda. Yaani upunda wenyewe ulikuwa kujua lugha moja zaidi ya ile inayotakiwa. Ukiona mjinga wa namna hiyo, mwamkie shikamoo.

Na wenye haraka ya kucheka wangoje kidogo, maana matokeo ya mtihani huu huchelewa kutoka. Mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Duns Scotus kuwa mwenye heri, hatua moja kabla ya utakatifu. Layton na barua yake hajatangazwa kitu. Mzee wa vyooni ana siku yake kwenye kalenda ya Kanisa, tarehe 8 Novemba, na watu wanamwomba awaombee. Wenye mitihani karibu wasione haya kupiga foleni.