Dobi Ameambiwa Akaoge

Kama unaishi na watu wanaojifunza lugha mpya wote kwa mpigo chini ya dari moja, huna haja ya kuelezwa mengi. Wewe ni mwenzangu. Kama nyumba yako ina lugha moja na amani yake, kaa kitako nikusimulie yanayotupata huku Al Khoud, Maskati, kwa sababu ya vitenzi viwili tu vya Kiingereza: “take” na “wash”.

Uwajue kwanza watu wangu. Mke wangu ni mtoto wa Tanga, alikuwa akisomesha Kiingereza sekondari kabla sijamleta huku. Namwita Waziri wa Maji, maana hakuna tone linalomwagika nyumbani bila idhini yake, na hakuna kitu, cha kitambaa wala cha mbao, ambacho hajakipitisha kwenye sabuni. Mama yake alikuja kutusalimia akakaa, nasi tumefurahi akae. Huyo tunamwita Kadhi, kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa. Shemeji yangu, mdogo wake Waziri, ni Kasuku: kila neno la Kiarabu analolisikia dukani hulirudia mpaka usingizi umchukue. Binti yetu mkubwa ni Karani, huandika kila kitu. Kitinda mimba ni Kiroboto, na jina hilo halihitaji maelezo.

Kiarabu mimi ninacho. Baba yangu ni miongoni mwa watu wa Unguja waliorejea Omani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kujenga kwao. Nimekulia Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni, kama familia nyingi za hapa. Ungetegemea basi kwamba swali la Kiarabu lingeletwa kwangu. Haliletwi. Waziri anaamini kwamba lugha hufundishwa na daftari, si na mume, na imani hiyo nimeishi nayo muda mrefu kiasi kwamba siipingi tena.

Daftari lenyewe limepigwa mstari katikati. Kushoto kitenzi cha Kiingereza, kulia cha Kiarabu. Karani ndiye mpekuzi. Anayo kamusi ya Hans Wehr, ile iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1952 na kwa Kiingereza mwaka 1961, ambayo hupangwa kwa mizizi ya maneno. Ukitaka neno la kufua, huna budi kwanza uujue mzizi wake, halafu ushuke na safu yote ya watoto na wajukuu waliozaliwa humo. Karani anaipenda kazi hiyo. Hushuka na safu mpaka chini, na kila anachokikuta hukimimina daftarini kwa mama yake bila kuchuja.

Kwenye “take” waliandika akhadha. Neno zuri, na kuliamrisha ni rahisi: khudh, chukua. Herufi ya mwanzo, hamza, hudondoka, kama inavyodondoka kwenye kul, kula. Waziri alilipenda kwa ufupi wake. Kwa muda nyumba nzima ikawa khudh: khudh kikombe, khudh viatu vyako, khudh mdogo wako huko barazani. Tabu ni kwamba Kiingereza kimelibebesha neno lake mizigo mingi mno. Mwingereza hutumia “take” anapochukua kitu, anapompeleka mtoto shule, anapokunywa dawa, anapopiga picha, anapovua viatu, anapotoa uamuzi, hata ndege yake inapopaa. Mwarabu hana mbeba mizigo wa namna hiyo. Picha ataipiga kwa sawwara, viatu atavivua kwa khalaa, uamuzi ataufikia kwa ittakhadha, ambaye ni mtoto wa akhadha lakini ana nyumba yake mwenyewe, na ndege itapaa kwa aqlaa. Nililisema hilo mezani. Waziri akaniambia, “Mume wangu, usimchanganye mtoto.”

Mtoto alikuwa amekwisha changanyika. Karani anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na Kiarabu ni somo kama masomo mengine. Alipewa insha kuhusu asubuhi yake. Akafikiri kwa Kiingereza, akafungua daftari la mama yake, akaandika kwamba aliamka, akaswali, kisha akhadhtu al-hammam. Alikusudia kusema alioga. Kwa jinsi alivyoiandika, na ile “al” mbele, msomaji anaona mtoto amechukua choo. Mwalimu wake, mama wa Kimisri mwenye moyo mzuri, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: “Umekwisha kukirudisha?” Siku hizi Waarabu wengi husema akhadha hammaman kwa kuoga, bila “al”, lakini mwalimu alimwekea istahamma, na ndilo neno la darasani.

Kadhi aliposikia hammam alifurahi. Akauliza kama ndilo hamamu letu, nami nikamjibu ndilo, na kwamba baba yangu alizaliwa mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe, pale penye mabafu aliyoyajenga Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888. Tukatumbukia humo mpaka chai ikapoa, maana Kadhi aliwahi kuyaona akiwa msichana na anakumbuka ubaridi wa sakafu yake. Insha ya Karani ikasahauliwa, akaenda kulala na furaha yake yote.

Yeye Kadhi naye aliingia kwenye mtego huo huo kwa njia ya dawa. Mfamasia alimwambia “tanawali” kidonge baada ya chakula. Bintiye alikuwa amemfundisha kwamba dawa hu-akhadha, basi akaona huyu kijana anazungumzia jambo jingine kabisa, labda dawa ya kupaka, akakiweka kidonge mkobani bila kukimeza. Tulipogundua, niliwaeleza kwamba Kiarabu cha vitabuni hutumia tanawala kwa chakula na dawa, na kwamba akhadha nayo husemwa sana, yote mawili sawa. Kadhi akatoa hukumu: “Dawa hainyakuliwi, mwanangu. Hunywewa.” Akakimeza.

Sasa maji. Kama hujawahi kuishi Ghuba wakati wa kiangazi, jua kwamba tangi liko juu ya paa, na jua likilipiga mchana kutwa, bomba la maji baridi hutoa maji ya kuchemshia viazi. Mwaka 2018 kule Quriyat, hapa hapa Omani, ilipita siku nzima, na usiku wake, bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Kwa hiyo watu huzima hita iliyomo ndani ya nyumba, maji yakakaa humo kivulini, na anayetaka kuoga hufungua bomba la moto apate maji ya vuguvugu. Kadhi hajakubali mpaka leo. Kila akienda kuoga nasikia “Astaghfirullah” ikitoka bafuni, nami najua amefungua la bluu.

Katika joto hilo ndipo Kasuku alipotumwa kwa jirani kuazima ngazi. Mke wa jirani akamjibu nyuma ya mlango kwamba bwana wake yitsabbah, asubiri kidogo. Hapa Ghuba neno hilo maana yake anaoga. Kasuku hakusubiri. Alirudi akilirudiarudia neno asilisahau, akampa Karani, Karani akafungua mzizi, akakuta sabaha: kuogelea. Habari ikaenea nyumbani kabla sijavua kanzu: jirani ana bwawa! Waziri akasema ndiyo maana bili yao ya maji kubwa. Kiroboto hakuwa na muda wa maneno. Nilipotoka chumbani alikuwa amekwisha fika kwa watu, amevaa chupi ya kuogelea na boya la bata kiunoni, anagonga. Jirani alifungua na taulo shingoni, nywele zinachuruzika. Ni mtu muungwana. Alimpeleka uani, akamfungulia mpira wa kumwagilia mtende, Kiroboto akaogelea kwa kusimama mpaka magharibi.

Hayo yote niliyastahimili, na wewe ungeyastahimili. Lililonifika shingoni ni la dobi.

Ilikuwa siku chache kabla ya Idi Kubwa. Waziri alikuwa ametangaza kwamba zulia la sebuleni lazima lioshwe, na dobi wa mtaani akamtuma kijana wake kulichukua. Ni kijana wa Kibangali, mpole, kila mama wa mtaa humwita “mama”. Vijana hawa huzungumza Kiarabu cha sokoni, ambacho hakinyumbui vitenzi: shil likishatamkwa limetosha, mizigo itaondoka, awe anaondoa yeye, wewe au sisi. Alipanda ngazi saa saba mchana, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

Chini ya “wash” daftari lilikuwa na vitenzi vitatu vya mzizi mmoja: ghasala, ghassala, ightasala. Waziri alichagua kile kirefu. Kwake neno refu ndilo lenye adabu, na hakutaka kumsemesha mtoto wa watu kwa ufidhuli. Akasimama mlangoni, mkono kifuani, akalionyesha zulia, akamtazama kijana usoni kwa wema wote aliojaliwa na Mungu, akasema: “Khudh, waghtasil.”

Ghasala ni kuosha kitu: nguo, sahani, mikono, uso. Ightasala ni tendo linalomrudia mtendaji. Ni kujiosha mwili mzima, na humo ndimo linamotoka josho la janaba. Aya ya udhu, ya 6 katika sura ya Al-Maida, imetumia ghasala kwa uso na mikono. Aya ya 43 ya An-Nisa, inapotaja janaba, imetumia ightasala. Kijana yule Kiarabu cha sokoni angeweza kukisikia vibaya, lakini Kurani alisomeshwa kwao tangu mdogo, na neno hilo alilijua barabara. Amepanda ngazi, amefunguliwa mlango na mke wa mtu, ameambiwa: chukua, ukaoge josho.

Alijitazama shati. Akateremka ngazi bila zulia wala neno.

Dobi mwenyewe alinipigia simu baada ya alasiri. Alikuwa na hasira ya heshima, ile mbaya zaidi. Akaniuliza kijana wake amefanya kosa gani hata atuhumiwe uchafu wa namna ile. Waziri, akisikia upande wangu wa mazungumzo, alikuwa amefungua daftari ananionyesha kwa kidole: sarufi sahihi, amri sahihi, hakuna kosa. Na kweli, kisarufi hapakuwa na kosa. Kadhi akauvua ushungi wake, akauvaa tena sawasawa, ishara kwamba baraza limekaa. “Sarufi imepona,” akasema, “mtu kaumia. Aitwe.”

Kijana akaja baada ya magharibi. Kadhi alimkalisha juu ya lile lile zulia, akamtilia kahawa kwa mkono wake, akampa halwa, akamweleza kwa Kiswahili cha Tanga mwanzo hadi mwisho, nami natafsiri. Nilipofika penye maneno matatu ya mzizi mmoja, kijana alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwambia Waziri, “Mama, sema shil, ghasil. Basi.” Akalikunja zulia, akalitia begani.

Usiku ule Kadhi alilitaka daftari. Alilitazama safu kwa safu, ingawa Kiingereza hakijui, kisha akamuuliza bintiye swali ambalo mimi, na Kiarabu changu chote, sikuwahi kuliuliza: “Kwa nini mnapita Uingereza kwenda Uarabuni? Kwenu hakuna njia?”

Basi tukaanza upya, safari hii Kiswahili kushoto. Hapo ndipo nilipoona tulivyojaliwa. Mtoto wa Kiswahili tangu anatambaa anajua kwamba mikono hunawa, mwili huoga, nguo hufuliwa, vyombo huoshwa na baadaye husuuzwa. Kuchukua si kupeleka, kupeleka si kupokea. Anayeyajua hayo amekwisha jiuliza nusu ya maswali ambayo Kiarabu kitamuuliza: nini kinaoshwa, na nani anakwenda na nini wapi. Kwa kufua tukaandika ghasala pamoja na nguo zake, kwa kunawa ghasala pamoja na mikono yake, kwa kuoga istahamma, na kando yake yitsabbah ya majirani. Ightasala tukaliweka kwenye josho, peke yake. Penye kutawadha Karani alipiga kelele ya furaha, maana upande wa kulia lilikuwa tawaddaa, na hakuhitaji kamusi.

Waziri ameniachia niandike safu moja, ya dawa na picha. Naikubali kwa shukrani. Zulia lilirudi mkesha wa Idi, jekundu kuliko nilivyolifahamu.

Nawe mwenzangu, kama kuna mtu wa nyumbani kwako anayeanza Kiarabu, usimkabidhi orodha ya vitenzi vitupu vilivyopangwa kwa Kiingereza. Mpe kitenzi pamoja na kitu chake, zulia lake, kidonge chake, mikono yake, na aanzie kwenye Kiswahili alichonyonya nacho. Na kabla hajamsemesha dobi, msikilize kwanza.